Nyota za kroshia za mti wa Krismasi zinalegea. Nitumie uzi gani na nizikazie na nini kwa mvua hizi za Tukuyu?

binti_wa_dukani (Tukuyu)

Habari za jioni wadau wa kufuma. Niko Tukuyu, nauza kwenye duka la dawa, na wateja wakipungua tu sindano ya kroshia iko mkononi. Vitambaa vya makochi nafuma tangu nikiwa sekondari, huko sina swali. Swali langu ni nyota za kupamba mti wa Krismasi.

Akina mama wa kanisani kwetu, sisi ni Wamoraviani, wamekata shauri mwaka huu mti usivalishwe yale mapambo ya kung'aa ya dukani. Yanapukutika, na Pasaka inafika bado unayaokota chini ya mabenchi. Wanataka vitu vya kufumwa kwa mkono. Kuna aliyepewa kengele, kuna aliyepewa malaika (Mungu amsaidie), mimi nimepewa nyota. Mti wenyewe ni saiprasi, utakatwa wiki ileile ya sikukuu, na kwa kawaida huwa unagusa dari. Kwa hiyo nyota ziwe nyingi, na mzee aliyekaa benchi la nyuma azione bila kuuliza ni nini.

Nimefuma za mfano kwa uzi mweupe wa sweta, sindano ya milimita 4. Ukiilaza mezani inapendeza. Ukiining'iniza, pembe zinaanguka mbele kama masikio ya mbuzi, halafu katikati panabonyea, inakuwa bakuli. Dada mmoja YouTube anasema ichovye kwenye maji ya sukari yaliyochemka, ianike, itasimama yenyewe. Ni kweli ilisimama, jua lilipokuwepo. Mvua ikarudi, na mnaijua mvua ya Tukuyu, hainyeshi, inahamia. Nyota ikaanza kunata, na sisimizi wakapanga foleni kutoka dirishani hadi kwenye kikapu cha nyuzi.

Naombeni msaada: uzi upi, na dawa ipi ya kukazia isiyoogopa unyevu? Na mwenye mchoro wa nyota ya pembe sita unaoeleweka kwa Kiswahili cha kawaida anipe. Hii ya mtandaoni ina vifupisho vinavyogongana, mmoja anaandika dc anafuma mshono mrefu, mwingine anaandika dc hiyohiyo anafuma mfupi.

Mchungaji naye amesema angependa ile nyota kubwa ya Majilio, yenye pembe pande zote. Sijajua kama alikuwa anatania.

mkinga_wa_makambako

Weka picha basi. Na ukifanikiwa, bei ya jumla ni shilingi ngapi? Nina duka, Desemba watu wananunua chochote kinachoning'inia.

mwl_mstaafu_kihesa (Iringa)

Kamwene mwanangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi kimu, sasa niko nyumbani Kihesa na miwani yangu. Swali lako ni maswali matatu yaliyofungwa kamba moja, kwa hiyo vumilia, nitaandika kirefu.

Uzi kwanza. Huo wa sweta unaouzwa madukani kwetu mara nyingi ni akriliki, plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi. Umetengenezwa uwe laini na ujivute mwilini. Nyota haina mwili wa kuvutikia. Chukua uzi wa pamba uliosokotwa ukakaza, uleule wa vitambaa vyako vya makochi, na sindano ya milimita 1.5 au 1.75. Kama mwenye duka hana hakika anauza nini, mwombe kipande cha urefu wa kidole, toka nje, kichome kwa kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu mepesi. Akriliki inayeyuka, na ikipoa inabaki punje nyeusi ngumu. Usiiguse kabla haijapoa.

Kwa ajili ya huyo mzee wa benchi la nyuma, uzi mmoja mwembamba ni mdogo mno. Shika nyuzi mbili kwa pamoja, ufumie sindano ya milimita 2.5. Kuna watakaokwambia uongeze mizunguko badala ya uzi. Nyota inakuwa kubwa, sawa, lakini pembe ndefu za uzi mmoja ndizo zinazoanguka kwanza.

Sasa hilo bakuli. Hapo uzi hauhusiki, ni hesabu. Duara la mishono mifupi, ile ambayo huzungushi uzi kwenye sindano kabla ya kuchoma, linataka nyongeza ya mishono 6 kila mzunguko ndipo lilale. La mishono mirefu ya kuzungusha uzi mara moja linataka nyongeza ya 12. Ukipunguza, ukingo unakosa nafasi unanyanyuka juu, unapata bakuli. Ukizidisha, ukingo unajaa mawimbi. Na hiyo dc iliyokuchanganya ndiyo mchawi wako: kwa Wamarekani ni mshono mrefu, kwa Waingereza ni mfupi. Ukichukua mchoro wa Mwingereza uliohesabiwa kwa mifupi ukaufuma kwa mirefu, kimo kinaongezeka na idadi inabaki ileile. Bakuli. Kabla hujaanza, pekua mchoro mzima ukitafuta herufi sc, yaani mshono mfupi kwa Wamarekani. Ukiziona, ni wa Kimarekani, Waingereza hawana kifupisho hicho.

Nyota niliyokuwa nafundisha ni hii, ifume taratibu mara ya kwanza.

Cheni 6, ziunganishe ziwe duara. Mzunguko wa kwanza: cheni 3, hizo zihesabu kuwa mshono mrefu mmoja, kisha fuma mirefu 11 ndani ya duara. Jumla 12. Unganisha juu ya ile cheni ya tatu. Mzunguko wa pili: cheni 1, mfupi palepale, cheni 5, ruka mshono mmoja, mfupi kwenye unaofuata, cheni 5, endelea hivyo mpaka uwe na vitanzi 6 na uunganishe ulipoanzia. Mzunguko wa tatu ndio unaotoa pembe. Ingia kwenye kitanzi, fuma mfupi 1, mirefu 3, kisha cheni 3 uzirudishe kwenye ya kwanza kati yake zifanye kinundu cha ncha, halafu mirefu 3, mfupi 1. Vitanzi vyote sita vivyo hivyo. Unganisha, kata uzi, ficha mkia kwa sindano ya kushonea. Kwa uzi mmoja inatoka sentimita 5 au 6, inategemea mkono wako unakaza kiasi gani. Kwa nyuzi mbili inazidi hapo.

Ukimaliza kufuma hujamaliza nyota. Lazima uivute umbo, na hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wanakimbia. Tafuta lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Chora juu yake duara kwa bikari ya mtoto wa shule. Bikari usiifunge, ukiitembeza kwa upana uleule juu ya mstari wa duara itaingia mara sita kamili, na hizo alama sita ndizo ncha za nyota yako. Tandika juu plastiki ya kufunikia madaftari ili gundi isishike povu. Nyota iliyolowa ilaze hapo, piga pini kila ncha na kila bonde kati ya ncha mbili. Tumia pini zisizoshika kutu. Alama ya kutu kwenye uzi mweupe haitoki.

Dawa yenyewe ni gundi nyeupe ya mbao, kipimo kimoja cha gundi kwa kimoja cha maji. Chovya, kamua kwa vidole mpaka isidondoke, puliza matundu yaliyoziba, piga pini. Gundi ya namna hiyo ikikauka huioni. Ile ya njano acha, inabaki njano. Sukari inavuta maji kutoka hewani, na hewa ya Tukuyu mwezi wa kumi na mbili ina maji ya kutosha ndoo. Uji wa muhogo tuliokuwa tunanyooshea kola za mashati ni mzuri sana hapa Iringa kiangazi, nyota inalia ko-ko ukiigonga. Huko kwako utaota ukungu, na mende wanaujua. Anika ndani, karibu na jiko lakini si juu yake, na usiitoe pini mpaka upande wa chini nao umekauka.

fundi_masweta_mwanjelwa (Mbeya)

Shikamoo mwalimu. Binti, mimi nafuma masweta ya shule kwa mashine hapa Mwanjelwa, kroshia najua ya kumalizia kola tu, lakini uzi ni maisha yangu, na mwalimu ameionea akriliki kidogo.

Akriliki inatulia kwa mvuke. Ipige pini hivyohivyo, funika kwa kitambaa kilicholowa, pitisha pasi ya moto juu yake bila kuikandamiza. Mvuke unalegeza uzi, umbo linabaki hapo moja kwa moja, hata ukiifua halirudi. Ila elewa kinachotokea: inalala, haikakamai. Pembe hazijikunji tena ila zinaning'inia bila nguvu. Na ukiigusa kwa pasi yenyewe, imeyeyuka, umepata sahani.

Kwa hiyo kwa nyota za akriliki ulizokwisha fuma, tafuta bangili. Zile nyembamba za plastiki za mafungu, sokoni ziko za kila rangi. Izungushie bangili mishono mifupi mpaka plastiki isionekane, halafu inyooshe nyota ndani yake na kuifunga ncha sita kwa uzi uleule. Inakaza kwa kuvutwa. Hakuna gundi, hakuna sisimizi, mvua inyeshe itakavyo, mwakani unaifua unaitundika tena. Na kutoka benchi la nyuma duara linaonekana kuliko ncha.

mwl_mstaafu_kihesa

Marahaba mwanangu. Wazo la bangili nalikubali, na nitaliiba. Ila mwambie anayetumia pasi ya mkaa asithubutu juu ya kitu cheupe, cheche moja ya majivu imetosha. Halafu nyota iliyofungwa ndani ya duara inakuwa gurudumu. Pambo zuri, lakini mtoto ukimuuliza ni nini hatakwambia nyota.

fundi_masweta_mwanjelwa

Hahaha, mwalimu bado anasahihisha madaftari. Haya, nyota juu, magurudumu chini.

jani_la_chai (Mufindi)

Nisameheni wataalamu, mimi nauliza la pembeni. Hizi nyota za pembe sita za kwenye mitandao mimi naona ni theluji. Nani ameona theluji Tukuyu? Hata huku kwetu baridi kali na barafu ya alfajiri ni ya mwezi wa sita na wa saba, ile inayounguza majani ya chai. Krismasi ni matope na mahindi mabichi. Kwa nini tunafuma theluji?

mwl_mstaafu_kihesa

Una haki ya kuuliza. Theluji ni sita kwa sababu maji yakiganda molekuli zake zinajipanga kwa pembe sita, na kila tawi linakua kutoka kwenye pembe mojawapo. Mmarekani Wilson Bentley wa kule Vermont alifunga kamera kwenye darubini, na tangu 1885 akawa anazipiga picha moja moja kabla hazijayeyuka, zaidi ya 5,000 katika maisha yake. Wafumaji wakapata michoro ya bure. Kwa sindano ya kroshia sita ni rahisi pia, ndiyo maana ya 12 kwenye mzunguko wangu wa kwanza: inagawanyika kwa sita bila kubakiza kitu. Ukitaka nyota ya pembe tano, anza na mirefu 15, uruke miwili badala ya mmoja, upate vitanzi 5. Itajikunja kidogo kwa sababu ya zile tatu za ziada, lakini pini zitailaza.

jani_la_chai

Asante mwalimu. Basi mimi nina pendekezo la huku kwetu. Kitulo, ile Hifadhi ya Taifa ya tangu 2005 ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, maua yake yanachanua Novemba hadi Aprili. Krismasi iko katikati kabisa ya msimu. Kuna aina 45 za okidi za ardhini, na okidi ina petali tatu na sepali tatu. Sita tena! Mchoro wako haubadiliki, unabadilisha rangi tu: duara la katikati la njano, vitanzi vitano vya zambarau au pinki, na cha sita, kile cha chini, ukizidishie mishono miwili mirefu kila upande kiwe mdomo wa ua. Nilimfumia mama moja ya kubandika kwenye sweta, ikakaa vizuri sana. Mti wa Krismasi wa Nyanda za Juu ukavaa maua yaliyoko mlimani siku hiyohiyo, hapo nitakuja kusali kwenu.

mkinga_wa_makambako

Mimi nataka parachichi. Njombe na Rungwe wote watanunua. Tufe la kijani, mbegu ya kahawia katikati.

jani_la_chai

Mkinga usicheke, ni rahisi kuliko nyota. Tufe ni mishono mifupi peke yake: 6, 12, 18, 24, 30, kisha mizunguko kadhaa bila kuongeza, halafu unarudi kwa hatua zilezile 24, 18, 12, 6, na kabla halijafunga unashindilia vipande vya nyuzi vilivyobaki. Halihitaji gundi yoyote. Lirefushe upande mmoja, ni parachichi.

binti_wa_dukani

Shikamoo mwalimu, shikamooni wote mnaostahili. Nimepekua mchoro wangu, sc haimo hata moja. Ni wa Kiingereza, na mimi mishono yote nilifuma mirefu. Fumbo la bakuli limefunguka.

Uzi wa pamba wa vitambaa ninao kabatini, tena mweupe. Nimefuma moja ya mwalimu kwa nyuzi mbili leo mchana kati ya mteja wa Panadol na mteja wa dawa za minyoo, imelala yenyewe hata kabla ya pini. Okidi nimeipenda mno, nitafuma chache za zambarau zikae usawa wa macho ya watoto, wao watafika karibu. Za sweta zitaingia kwenye bangili, ziende matawi ya juu.

Bado nina mawili. Gundi kwenye mti uliokatwa mbichi, utomvu hautaishika? Na Mchungaji nimjibu nini kuhusu nyota yake ya Majilio?

mzee_wa_rungwe

La Mchungaji nijibu mimi, maana nimezaliwa kwenye kanisa hilo. Ile nyota ilianzia karne ya 19 kwenye shule ya Wamoraviani ya Niesky, Ujerumani, kwenye somo la jiometri, watoto wakifundishwa maumbo kwa karatasi. Wamishenari wao walifika huku Rungwe 1891. Ya kawaida ina nafasi za pembe 26: 18 zina kitako cha mraba, 8 zina kitako cha pembetatu, na moja mara nyingi huachwa wazi kwa ajili ya taa na kamba. Kila pembe ni piramidi yake. Kuifuma inawezekana, lakini ni piramidi 25 zilizokazwa gundi, zishonwe vitako kwa vitako, na zote zilingane urefu. Binti, mwambie Mchungaji umepokea agizo, la Krismasi ijayo. Mwaka huu atengenezewe ya karatasi ngumu na vijana wa kipaimara, jiometri wanaijua.

mwl_mstaafu_kihesa

Utomvu: usiibane nyota kwenye shina wala kwenye kovu la tawi lililokatwa. Funga kwenye ncha za matawi, huko ni pakavu. Kitanzi cha kuning'inizia kiwe cheni 25 hivi, na kifumwe kutoka kwenye kinundu cha ncha moja KABLA ya gundi, nacho kibaki nje ya gundi kiwe laini. Ukikisahau, baadaye sindano haitapita kwenye uzi uliokakamaa, utavunja ncha.

Mkishusha mti, nyota za gundi zipange bapa kwenye boksi la karatasi, gazeti kati ya tabaka na tabaka. Usizifungie kwenye plastiki, kwa unyevu wenu zitatoa jasho.

mkinga_wa_makambako

Jamani bei.

binti_wa_dukani

Kaka, nyota ya pamba iliyokazwa elfu mbili, okidi elfu tatu kwa sababu ya kubadilisha nyuzi, ya bangili elfu moja mia tano bila bangili, na bangili unaleta mwenyewe. Jumla inaanzia ishirini, nusu ya pesa mbele. Parachichi muulize jani_la_chai.

mkinga_wa_makambako

Ishirini za pamba, kumi za okidi. Zikifika stendi ya Makambako kabla ya tarehe 15 Desemba na nauli ya basi juu yangu. Ila okidi iwe elfu mbili mia tano.

binti_wa_dukani

Elfu tatu, na nauli juu yako. Za kanisa kwanza, zako naanza Jumatatu.